Magharibi kwa Kioo cha Mbele

Wanaodai Wamarekani hawajui kutalii wana husuda tu. Itazameni familia inayotoka Chicago kiangazi kwenda Yellowstone: mahindi ya Minnesota, nyika za South Dakota, vyote vimeonwa kikamilifu kwa mwendo wa kilomita 128 kwa saa, watoto wa nyuma wakifuatilia katuni ya wanyamapori. Udongo wa Badlands, hukohuko South Dakota, ulirundikana kwa mamilioni ya miaka. Wakishaupiga picha bila kuzima injini, udai nini zaidi?

Penye thamani husimama. Katika mji mdogo wa Wall kuna duka la dawa ambalo tangu miaka ya 1930 huwavuta wasafiri kwa mabango ya maji ya barafu ya bure. Mlima gani umewahi kukupa maji ya barafu?

Yellowstone kwenyewe, hifadhi tangu 1872, kanuni inataka mgeni akae mita 23 kutoka kwa nyati. Wastaarabu hawaikubali. Mwenyeji husalimiwa kwa karibu, tena kwa kumpa mgongo, simu ikiwa juu.

Msomaji, ukialikwa safari hiyo usikatae. Usisahau chaja tu.