Hesabu ya Jicho Moja

Ukuta niliotaka bustanini, hapa Nyakasanza, ni mdogo: mita 6 kwa urefu, mita 1 kwenda juu, wa kuzuia mbuzi wa jirani wasimalize lengalenga zangu. Nikashika kalamu. Tofali la sentimita 22 kwa 6, ukiongeza sentimita 1 ya maungio, mita moja ya mraba inakula 62. Mara sita, 372. Pamoja na yatakayovunjika, 410. Simenti mifuko mitatu ya kilo 50, msingi ndani yake.

Fundi akaja, akafumba jicho moja.

“Papa, leta matofali elfu moja. Simenti, mifuko kumi.”

“Ni ukuta ao ni kanisa?”

“Papa, kalamu haijengi.”

Nikaleta. Na simenti yenyewe imevuka mpaka kutoka Uganda, bei yake imepanda njiani kuliko gari. Ukuta ulikula matofali 398. Niliyahesabu mwenyewe, mstari kwa mstari. Juzi nikaenda kwake kuuliza habari za mabaki. Nikamkuta ameketi katika jiko jipya la matofali, zuri kweli, limenyooka kuliko ukuta wangu.

Mbuzi sasa wanaingia kwa mlango. Pesa ya mlango iliishia kwenye simenti.