Kuisifu Treni Inayochelewa

Siku hizi sifa zote zimekwenda kwa vinavyowahi. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 imehutubiwa na kuimbiwa, na inastahili. Lakini nani amesimama kuisemea treni ya abiria ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ile inayopita Ifakara, Mbingu, Mngeta na Chita hadi Mlimba, kisha ikaanza kuukwea mlima kwenda Makambako? Abiria wake wa daraja la tatu huulizana itafika lini, na jibu la saa halimtoshi mtu mpaka litajwe na siku. Watetezi wake wachache hukimbilia methali ya haraka haraka, kana kwamba treni hiyo ingeweza kukimbia ila imechagua hekima. Haihitaji methali. Inatetewa na hesabu.

Anayeuza safari ndefu kwa bei ya chini lazima akate kitu mahali, na ubora wake upimwe kwa alichokikata. Mashirika ya ndege ya bei nafuu yamekata kila kitu isipokuwa kiti. Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro mwishoni mwa mwaka 2012, ilitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na begi la kupakia likalipiwa kando. Ndivyo biashara hiyo inavyokwenda duniani kote: maji yana bei, kuchagua kiti kuna bei, na kilo iliyozidi ina bei ya kumfanya mtu avae makoti mawili katika joto la Dar. TAZARA imekata kitu kimoja tu, nacho ni saa. Mengine yote yamebaki. Gunia la mchele linapata pa kukaa, godoro lililoviringishwa linapitishwa dirishani, jogoo aliyefungwa miguu analala chini ya kiti, na hakuna anayemwambia bibi kwamba kikapu chake kimezidi sentimita mbili. Tena saa zilizokatwa kwenye ratiba abiria harudishiwi pungufu: anaongezewa. Amelipia safari ya usiku mmoja, akapewa na mchana wake bila nyongeza ya nauli. Ni shirika gani la ndege limewahi kumzidishia mteja bidhaa kwa ukarimu huo?

Na mchana huo si wa kudharauliwa. Kwa ratiba za miaka mingi, treni ikitoka Dar mchana hufika bonde la Kilombero usiku. Aliyebahatika kupanda treni iliyowahi hupita chini ya milima ya Udzungwa akiwa amelala, au akitazama giza. Ni ile iliyochelewa inayomwonyesha mashamba ya mpunga yaliyojaa maji na ukungu unaoachana na miti mlimani. Mtalii hulipa kwa dola kuiona milima hiyo. Wa daraja la tatu huonyeshwa kwa hisani ya injini mbovu. Kisha tazama biashara ya dirishani. Mama amesimama chini ya behewa, sinia kichwani, wali na kipande cha kambale ndani ya mfuko. Noti inashuka, mfuko unapanda. Treni ikiwa ya kuwahi, chenji hufuata kwa mbio na wakati mwingine haifiki. Ikiwa ya kuchelewa, bei inajadiliwa, mteja anashuka kunawa, anakula, anaagiza tena. Ndegeni mkate huuzwa na shirika lenyewe, na fedha inaondoka na ndege. Hapa kila saa ya kusubiri huacha shilingi kijijini.

Atasimama mpinzani aseme: na ndizi zinazoivia kwenye behewa? Na mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Francis pale Ifakara? Kuhusu ndizi, nakiri kwamba mchele ni abiria mvumilivu kuliko ndizi. Kuhusu mgonjwa, hoja ni nzito, na kejeli yoyote ingekuwa aibu. Ila tuulize anachagua kati ya nini na nini. Hachagui kati ya treni na ndege. Masika yakikolea, barabara ya vumbi ya Ifakara hadi Mlimba huwa tope, na basi lililokwama halichelewi: halifiki. Mwingine atasema uchelewaji ni uzembe wa wafanyakazi. Hapo ataionea treni. Reli hii ya kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Mwaka 2014/15 haikufikisha hata tani 100,000. Mzigo ukikosekana, fedha za vipuri na za kutengeneza njia hukosekana, vichwa vya treni hupungua, na palipochakaa dereva hulazimika kwenda kwa mwendo wa baiskeli. Abiria anayesubiri Chita anasubiri shaba ya Zambia iliyokwenda bandarini kwa malori.

Ushahidi mkubwa zaidi umetoka kwa abiria wenyewe. Katika miaka ya 1970 watu wengi wa bonde hili walihamishiwa vijiji vya kando ya reli, wakaishi na kulima kwa kuitegemea. Mwaka 1994 TAZARA ilipotaka kupunguza huduma na kufunga baadhi ya stesheni ndogo, wanavijiji waliandika barua rasmi ya kupinga. Kilichowapandisha hasira ni treni kuacha kusimama. Walijua tofauti ambayo wataalamu wa ratiba huisahau: treni iliyochelewa bado ni yako, lakini inayopita bila kusimama ni ya wengine, hata ikipita kwa dakika iliyoandikwa.

Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huenda sifa hizi zikawapa wakubwa wa reli usingizi mnono. Sina hofu, tembo hili lilitiwa maji zamani. Hofu yangu ni nyingine. Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya China mkataba wa miaka 30 wa kuifufua TAZARA, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Mwekezaji wa kiasi hicho anatazamia shaba ya Zambia, wala hakuna ubaya, maana shaba ndiyo italipia vipuri. Lakini naye atalazimika kukata kitu, na penye haraka kitu chepesi kukata ni stesheni ndogo. Treni ikiwahi na bado ikasimama Chita, pamoja na magunia na majogoo, sifa zangu zote zitakuwa zimepitwa, nami nitafurahi kuzifuta. Ikiwahi kwa sababu imeacha kusimama, watu wa Chita watakuwa wamejengewa ndege ya bei nafuu juu ya reli.