Miaka 100 ya Mzee

Tarehe 27 Novemba 2039 itatimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Laurent-Désiré Kabila, na Fizi ina haki ya kudai kiti cha mbele: chama chake cha waasi, PRP, cha mwaka 1967, kililelewa na milima hii. Kamati ya sherehe ianze safari leo. Kutoka Baraka hadi Minembwe, kwa barabara ilivyo, huenda ikawahi. Watetezi watasema Mzee alitawala chini ya miaka 4, tena vita vikiwaka. Sawa. Lakini mwanawe Joseph, ambaye wasifu rasmi unamzaa Hewa Bora, hapa hapa Fizi, alipata miaka 18. Pengine kwa kuiacha barabara hivyo alikuwa akihifadhi kumbukumbu: njia zingekuwa nzuri, askari wa Mobutu wangemfikia baba yake mapema.