Mimi Sipo, Ada Ipo

Wanaowasema walimu wa siku hizi wa utambuzi safi hawawatendei haki. Mwalimu anapanda jukwaani huko Ulaya au Marekani, anatangaza kwamba hakuna "mimi", kuna kutambua tu, kusiko na mwanzo wala mwenyewe. Kisha huyo asiyekuwepo anapokea ada kwa akaunti yenye majina yake yote matatu. Kuna ubaya gani? Washamba ni benki, bado wanang'ang'ania kila akaunti iwe na mtu.

Aliyetuharibia biashara hii ni Ramana Maharshi, mwalimu wa Kihindi wa mafundisho haya haya. Mwaka 1896, akiwa na miaka 16, alitoroka nyumbani Madurai, kusini mwa India, akaenda kwenye mlima Arunachala pale Tiruvannamalai, na hakuondoka tena hadi alipofariki mwaka 1950. Zaidi ya nusu karne, hana ziara hata moja ya nje! Alijifunga kitambaa kiunoni, akawaambia wageni wajiulize "mimi ni nani?", na mara nyingi akanyamaza tu. Bure. Kimya chote kile, ambacho mtu mwenye akili angekiuza kwa saa, kilipotea hivi hivi.

Wanaojiita warithi wake wamezirekebisha kasoro hizo. Utambuzi ule usio na umbo sasa una picha kwenye bango, na meno meupe kweli. Ule usiojua tofauti yoyote una viti vya mbele na vya nyuma, kwa bei zake. Na ukidai urudishiwe pesa, utaulizwa kwa upole mkubwa: ni nani hasa anayedai?