Kila Kopo Lina Wakili

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hakufukuzi. Anakuja jioni, anakaa, anasifia chai, kisha anasema kijana wake anamaliza masomo na atahitaji pa kukaa. Kijana huyo hajawahi kuonekana na mtu yeyote, lakini wapangaji wanahama kwa ajili yake kila mwaka. Nasi zamu yetu ilipofika tukapata nyumba Kimara, ndogo kuliko ile tuliyozoea, na mke wangu akatoa tamko: kisichotumika hakihami.

Tamko zuri. Tabu ni kwamba kwetu hakuna kisichotumika. Kuna vinavyotumika na kuna vinavyosubiri.

Chukua televisheni ya chogo. Matangazo ya analojia yalizimwa jijini mwisho wa mwaka 2012, tukainunulia king'amuzi ili kuiokoa. Baadaye king'amuzi kikafa, nayo ikafuata. Nilipoinyanyua niitoe nje, mama mkwe, aliyekuja kutusaidia kufunga mizigo, akauliza kwa upole, "Sasa baba, hii mpya mtaiweka juu ya nini?" Ni kweli. Miaka yote ile nzima imekaa juu ya mbovu. Nikaishusha.

Jikoni kulikuwa na mifuniko isiyo na sufuria na sufuria zisizo na mifuniko. Tukajaribisha mmoja mmoja, hakuna uliokubali. "Iache tu," akasema mke wangu, "itapata wenzake."

Chini ya godoro ndiko kulikokuwa na kesi nzito: mifuko ya plastiki, imekunjwa kisambusa, safi, ya rangi zote. Serikali iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, na ukikutwa nayo faini inaanzia shilingi 30,000. Nikasema itupwe. Mama mkwe akanitazama. "Uitupe wapi, baba, wakuone?" Ikarudi chini ya godoro.

Nikaona dawa ni kugawa. Ndoo, beseni na thermosi isiyotunza joto nikampelekea jirani. Lakini kwa watu waliolelewa vizuri chombo hakirudi kitupu. Jioni jirani akaja na ile ndoo, ndani yake mna jagi, vikombe na saa ya ukutani, "mtukumbuke huko muendako." Nilitoa vitu vitatu, nikapokea zaidi.

Akapita mnunuzi wa chuma chakavu na mzani wake. Nikampa pasi ya mkaa, akaipima, akataja bei. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Pasi ya marehemu bibi, kwa bei ya maandazi?" Mnunuzi akairudisha mwenyewe, bila kuambiwa.

Siku ya kuhama ikafika, na dereva wa kirikuu naye. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni, macho yakatembea juu ya maboksi, viroba na ile televisheni. Hakuuliza kipi ni cha nani wala kina historia gani.

"Bosi, hii trip mbili."

"Na bei?"

"Ile ile. Mara mbili."

Nyumba ikanyamaza. Halafu mama mkwe akainuka, akakusanya mifuniko yote kwenye kiroba na kukitoa nje. Mke wangu akafuata na makopo ya aiskrimu, yale ambayo watoto huyafungua kwa matumaini wakakuta dagaa. Mnunuzi wa chuma akaitwa tena, akabeba hata televisheni. Iliyonusurika ni pasi peke yake, ikasafiri mapajani mwa mama mkwe. Tulikwenda trip moja, na nafasi ikabaki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kuhama usianze kwa kuchambua vitu. Mwite kwanza dereva wa kirikuu, mkalishe sebuleni mbele ya familia nzima, umwombe ataje bei kwa sauti.