Ya hapa au ya meli? Ubishi wangu na shemeji, kutoka tisa hadi moja

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anakula kwa kontena. Ndiyo kazi yake: anatoa mizigo bandarini Dar es Salaam, na kila kinachoshuka melini anakiona ndugu yake. Mimi nakula kwa kikapu. Jumapili akija kwetu, hata hajavua viatu: "Shem, leo umepika chakula au umepika uzalendo?" Namjibu anawe mikono kwanza. Tumebishana hivyo miaka kumi na tano, na haya ndiyo mambo tisa tunayoyarudia. Naanza na jambo dogo kabisa.

9. Kijiti cha kuchokolea meno

Mwanasiasa akitaka makofi kwenye hotuba ya viwanda, anataja kijiti. Ni kweli inauma nchi yenye msitu wa Sao Hill kuagiza vijiti, lakini kwa kijiti sigombani na mtu. Ninachoomba ni kimoja: geuza pakiti. Namba za mwanzo chini ya msimbo wa mistari zikiwa 620, kampuni imesajili msimbo wake Tanzania. Haziapi kwamba kilichomo kimelimwa hapa wala kimetengenezwa hapa. Endelea kusoma mpaka ufike penye maandishi madogo.

"Kumbe na wewe unasoma namba za mzigo!" Nasoma, shem, na siishii njiani.

8. Epo

Lina kibandiko, linang'aa, limesafiri ndani ya baridi kutoka Afrika Kusini. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo ya Afrika Kusini na Malawi, kwa kuwa nazo zilikuwa zimefunga mlango kwa mazao yetu, ndizi zikiwemo. Siku chache baadaye zuio likaondolewa. Siku ya tangazo shemeji alinipigia kwa sauti ya msiba: "Shem, epo ndiyo basi tena." Nikamwambia apande basi la Lushoto. Kule kuna matufaa, mapeasi na plamu. Madogo, mengine mdudu ameshaonja, lakini ukiyaweka mezani nyumba nzima inanukia. Yana msimu wake. Msimu ukipita, embe dodo lipo, kula mpaka maji yakufike kwenye kiwiko.

7. Tui la kopo

Hapa sasa tukae vizuri.

Kopo linakuja kutoka Thailand au Sri Lanka, unalifungua kwa sekunde tano, na sikatai kwamba mama anayetoka kazini saa moja usiku analihitaji. Simhukumu. Lakini twende kwa muuza nazi. Unaichukua, unaitikisa sikioni, usiposikia maji unairudisha. Unaigonga kwa kucha. Muuzaji anakuangalia, anajua kama unajua. Akikupa mbovu, kesho asubuhi unamrudishia vifuu vyote viwili mkononi, naye anakupa nyingine bila maneno, maana wateja wengine wanasikiliza.

Nyumbani unakaa juu ya mbuzi, unakuna, unatia maji ya uvuguvugu, unakamua kwenye kifumbu. Tui la kwanza zito linawekwa kando. La pili na la tatu, jepesi, ndilo linalopikia maharage; lile zito linaingia mwishoni, unakoroga polepole lisikatike. La kopo limeshachanganywa yote, mara nyingi na viambato vya kulifanya zito, halina la kwanza wala la pili. Ndiyo maana mchuzi wake unakuwa na sauti moja tu.

Shemeji alibisha mpaka siku nilipompa mabakuli mawili ya maharage bila kumwambia lipi ni lipi. Alimaliza la nazi, akasukuma la kopo. Mume wangu ni shahidi.

6. Mchele

Kwenye mchele simwogopi mtu wa meli. Ugomvi ni wetu wenyewe. Mtu wa Mbeya atakuambia bila mchele wa Kyela hujala, wa Shinyanga atakuonyesha wa Kahama, na wote wanastahili kusikilizwa. Wa Pakistani unachambuka vizuri kwenye biriani, naupa haki yake. Lakini mchele wa Kyela ukichemka, jirani anajua unapika nini kabla hujamkaribisha.

5. Chapati

Hapa shemeji ananishinda, na namwachia kiti. Unga umesagwa hapa, pakiti ina 620, bendera imechorwa, lakini sehemu kubwa ya ngano yenyewe imekuja kwa meli. Anaipenda sana hoja hii. Akila chapati yangu ananishukuru kwa niaba ya wakulima wa Urusi na Australia.

Tulijaribu kulima. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano Basotu, Hanang. Ngano ilitoka. Lakini Wabarbaig walinyang'anywa malisho yao bora, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na trekta. Tangu nilipolijua hilo, mtu akiniambia kitu ni cha hapa, naendelea kuuliza: kimelimwa kwenye ardhi ya nani, na mwenyewe alikubali?

4. Mafuta ya kula

Ukipita barabara ya Singida unayaona madumu ya alizeti yamepangwa pembeni, yanawaka juani kama taa. Mijini tunakaangia mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia, kwa sababu ni rahisi, na mwenye familia kubwa anahesabu shilingi. Bei hiyo siidharau. Naomba tu tuache hadithi ya kwamba Wamalaysia walichukua mbegu Kigoma. Miche ya kwanza upande ule wa Asia ilipandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi. Tukitaka kuona uchungu, tuuone kwa lililo letu: michikichi ya Kigoma ipo, na mingi ni mizee.

Na mwenye dumu la barabarani naye ana deni. Mafuta yakikaa juani siku nzima yanachacha. Yaweke kivulini, ndugu yangu, nitanunua mawili.

3. Korosho

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mtwara na Lindi zinatoa korosho ambazo dunia inazigombania, na sehemu kubwa inaondoka ikiwa ghafi, na ganda lake, kwenda India na Vietnam. Inabanguliwa kule, inatiwa kwenye kopo zuri, na makopo mengine yanarudi kwenye rafu za duka letu yakiwa na bei ya dhahabu. Shemeji analipwa inapotoka na analipwa inaporudi. "Shem, hiyo korosho imesafiri kuliko wewe!" Kweli. Na nauli yake yote nailipa mimi.

Ganda la korosho lina utomvu unaobabua. Nimekaa na wanawake wanaobangua kwa mkono: wanapaka mafuta au majivu viganjani, wanagonga mara moja, si kwa nguvu, ili punje itoke nzima. Punje ikipasuka, bei imepasuka. Mmoja alinionyesha vidole vyake vyeusi hadi kwenye kucha, akaniambia rangi hiyo hutoka baada ya msimu. Kazi hiyo ndiyo thamani yenyewe, na tukisafirisha korosho ghafi tunaisafirisha nayo.

Miaka ya 1970 tulijenga viwanda zaidi ya kumi vya kubangua. Vingi viligeuka maghala. Mwaka 2018 serikali ilikataa bei za wafanyabiashara, ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma malori ya jeshi. Niliifurahia nia ile. Lakini viwanda vilivyokuwepo havikuweza kubangua mzigo wote, na korosho haimsubiri mtu ajipange. Kwa hiyo mimi nanunua kwa wanaobangua huku huku, kwenye mfuko usio na picha, na nikikuta punje zilizopasuka nawaambia papo hapo.

2. Khanga

Shemeji anasubiri hapa kwa hamu, kwa sababu khanga nyingi zimekuja kwa maji tangu zamani. Ziliwahi kuchapwa Uingereza, Uholanzi, Japani na India, na leo nyingi bado ni za India. Pindo, mji na jina: jina ni la kwetu, kitambaa ni cha mbali. Na pamba? Pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, na nyingi inauzwa nje kabla haijawa uzi.

Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na mama yangu alikuwa na doti zake hadi zikawa nepi, kisha dekio. Ndivyo khanga nzuri inavyostaafu. Siku hizi nikienda dukani nainyoosha mbele ya mlango nione mwanga unavyopita, kisha naifikicha pembe. Ikitoa vumbi jeupe, uzito ule ni wanga. Ukiifua mara mbili inabaki chandarua. Nazikataa nyepesi bila kujali zimetoka nchi gani, na nikiipata nzito iliyofumwa kwetu nanunua ya kwangu na ya mama mkwe. Shemeji anasema mama mkwe ndiye anayenilinda kwenye ubishi huu. Naye mama mkwe analijua hilo vizuri.

1. Kitanda cha Keko

Tuliwahi kununua kabati la kontena. Lilikuwa zuri, jeupe, limeng'aa. Ndani yake si mbao. Ni unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi. Masika ya kwanza maji yakaingia sebuleni kidogo tu, miguu ikavimba kama mkate kwenye chai, bawaba zikang'oka na vipande. Nilipokwenda dukani nikaambiwa mzigo huo ulikuwa wa mara moja, wala hawajui kiwanda.

Kitanda chetu kilitoka kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam. Tano kwa sita, mninga. Fundi alinionyesha ubao kabla hajaukata, akaulowesha kwa kiganja ili rangi itokee. Alinichelewesha wiki mbili kwa "kesho" zake, na nilikwenda kumsimamia mara tatu. Sikumwonea haya, alistahili kusemwa. Siku chaga moja ilipovunjika, miaka sita baadaye, nilimpigia simu. Alikuja na chaga begani, juu ya bodaboda.

Mwaka huu binti yetu anahamia kwake na kitanda anakitaka. Tulimwita fundi akifungue. Shemeji alikuwepo, amesimama mlangoni, ana jambo mdomoni. Fundi alipindua ubao wa kichwani, akapitisha kidole kwenye alama za penseli zilizobaki upande wa ukutani, mistari miwili na msalaba mdogo.

"Hii nilipima vibaya," alisema, "nikarudia. Hamkuona?"

Shemeji aliinama kuangalia. Alikaa pale muda mrefu, kisha akauliza mninga siku hizi unauzwaje.