Jinsi ya Kukifungulia Kihariri Soketi, na Lawama Ukamwachia Mwingine

Ndugu yangu, umeandika kihariri matini. Kinafungua faili, kinapaka maneno rangi, kinahifadhi. Hongera. Sasa watu wameanza kukudai: wanataka kihariri chako kizungumze na programu nyingine, kiulize swali nje na kupokea jibu huku wao wanaendelea kuandika. Kwa kifupi wanataka soketi. Unaweza kukaa wiki kadhaa ukiwatafutia kitu cha maana, au unaweza kunifuata mimi tukamaliza jioni hii hii.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Kila ugumu ambao wewe ungeumaliza mara moja, mwachie mwandishi wa programu-jalizi aumalize kila siku.

1. Chelewa.

Usikubali kukimbizwa. Vim, kihariri kama chako, ilitoka mwaka 1991, lakini chaneli zake, yaani njia ya programu-jalizi yoyote kuongea na soketi bila kusimamisha kazi, zilikuja na toleo la 8.0 mwezi Septemba 2016. Katikati hapo hakuna aliyekufa. Watu walikuwa wananing'inia kwenye tukio liitwalo CursorHold, ambalo kwa kawaida huamka mtumiaji akiacha kugusa kibodi kwa milisekunde 4000. Humo ndani wakaficha kazi zao za pembeni. Yaani ili programu ipate kufanya kazi, mwenyewe alitakiwa aache kufanya kazi. Watu wenye subira ya namna hiyo, ya nini kuwaharakishia?

Na akija mtu na kiraka kizuri, nyamaza. Thiago de Arruda aliipelekea Vim kiraka cha kuendesha nyuzi nyingi, hakikuingizwa, na mwaka 2014 akaanzisha Neovim. Miaka miwili baadaye Vim nayo ikaleta chaneli. Neovim inaongea kwa MessagePack, Vim kwa JSON, na anayetaka programu-jalizi yake ikae pande zote mbili anaandika daraja mara mbili. Yote hayo ni matunda ya ukimya, na ukimya haukugharimu hata mstari mmoja wa msimbo.

2. Acha kihariri kisubiri.

Andika funksheni tatu: fungua, tuma, pokea. Hiyo ya tatu isirudi mpaka jibu lifike. Ni nzuri sana kwa macho, na inaingia kwenye slaidi moja.

Kuna kadoa kadogo tu. Uzi unaochora skrini ndio huo huo unaosikiliza kibodi, hivyo ukiuambia usubiri seva, vidole vya mtumiaji navyo vinasubiri. Usitishike. Fanya onyesho seva ikiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Jibu litarudi kabla watu hawajapepesa, nao watapiga makofi. Usifanye onyesho kwa waifai ya hoteli.

Atakayekuuliza kuhusu kikomo cha muda, mwambie Vim ilikiweka: ukituma ujumbe kwa ch_evalexpr, inasubiri milisekunde 2000, kisha inakata tamaa, isipokuwa umeiambia vingine. Sekunde mbili! Wewe una imani zaidi na mtandao. Usiweke kikomo.

3. Jifanye hujui kwamba TCP ni mkondo.

Hapa ndipo kazi yetu inapokuwa tamu, kwa hiyo sogea karibu.

Tangu soketi zilipoenea kupitia 4.2BSD mwaka 1983, TCP haijawahi kumwahidi mtu ujumbe. Inaahidi baiti, kwa mpangilio ule ule zilivyotumwa, basi. Ukituma “habari” kisha “kwaheri”, upande wa pili unaweza kupokea “habarikwa”, halafu “heri”. Haijakosea. Mipaka kati ya ujumbe na ujumbe ni kazi ya aliye juu yake, na aliye juu yake ni wewe.

Sasa fanya hivi: funksheni yako ya kupokea iite pokeaUjumbe. Jina hilo ni ahadi, na ahadi haigharimu kitu. Ndani yake, rudisha chochote kilichofika. Kwenye kompyuta yako ujumbe mfupi utafika mzima karibu kila mara, na majaribio yako yote yatapita. Kisha siku moja mtu atafungua faili refu, jibu litakuja vipande vinne, na JSON itakatikia katikati ya mabano. Mwandishi wa programu-jalizi atamlaumu mwandishi wa seva. Mwandishi wa seva atasema yeye alituma kitu kizima, na kweli alikituma. Watagombana wiki nzima bila jina lako kutajwa.

Ukitaka kuwa fundi hasa, geuza kila kipande kuwa maandishi papo hapo kinapofika. Emoji moja kwa UTF-8 ni baiti nne. Mbili zikifika sasa na mbili baadaye, kila upande utazaa takataka yake. Kiswahili kitakusitiri kwa muda mrefu, maana herufi zetu za Kilatini ni baiti moja moja. Lakini siku mtu akibandika neno ng’ombe lenye ile alama iliyopinda, ambayo simu huiweka yenyewe, alama hiyo peke yake ni baiti tatu, na ng’ombe anaweza kukatwa shingoni. Mtumiaji ataona vialama vya kuuliza na kudhani tatizo ni fonti. Mwache afikiri hivyo.

Vim 8.0 iliwapa watu namna nne za kuongea: RAW, NL, JSON na JS. Katika JSON inasubiri mpaka ujumbe ukamilike ndipo iiite programu-jalizi, na kila swali lina namba ili jibu lijue linamrudia nani. Ni RAW pekee inayomwachia mtu vipande. Wewe toa RAW peke yake, na kwenye maelezo uiite “udhibiti kamili kwa wataalamu”. Hakuna mwandishi wa programu atakayelalamika hadharani kwamba utaalamu umemshinda.

(Kati yetu: Vim walifanya mengi vizuri kuliko ninavyokushauri. Lakini Bram Moolenaar, aliyeiandika, ombi lake kwa walioipenda lilikuwa wawachangie watoto wa Kibaale, Uganda. Huwezi kumfuata mtu wa namna hiyo katika kila jambo.)

4. Usiseme unahesabu nini.

Mtu akiuliza kishale kiko safu ya ngapi, mrudishie namba. Namba ya nini? Ya nafasi. Itifaki ya LSP, ambayo vihariri huitumia kuongea na seva za lugha za programu, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2016, ilijitaabisha kusema wazi: inahesabu kwa vipimo vya UTF-16. Kwa hiyo emoji moja ni mbili kwake, ni nne kwa anayehesabu baiti za UTF-8, na ni moja kwa mwenye macho. Ndipo toleo la 3.17 la mwaka 2022 likaziruhusu pande mbili kukubaliana hesabu nyingine. Unaona walivyojitafutia shida kwa kusema? Afadhali wangenyamaza.

5. Fungua mlango.

Kihariri chako nacho kipokee wageni: sikiliza kwenye 0.0.0.0, usisikilize kwenye 127.0.0.1. Anwani hii ya pili inawapokea walio ndani ya kompyuta ile ile tu, na huo ni uchoyo. Ile ya kwanza inamkaribisha hadi kijana wa meza ya pili pale mgahawani.

Wakidai nenosiri, liweke, lakini liwe tayari limeshajazwa. Kiolesura cha zamani cha Vim cha kuongea na NetBeans kina bandari yake ya kawaida, 3219, na nenosiri lake la kawaida, changeme, ambalo linakuomba kwa adabu ulibadilishe. Lako lisiombe.

Kisha ruhusu upande wa pili utume amri yoyote, nawe uitekeleze. Hili usione haya, hata kwenye chaneli za Vim seva inaweza kutuma neno “ex” na amri, nayo ikatekelezwa. Tofauti ni kwamba huko aliyefungua muunganisho ni Vim, kwa hiyo mwenyewe amemchagua wa kumwamini. Kwako anabisha yeyote. Tofauti ndogo kama hiyo haistahili kuandikwa kwenye nyaraka.

6. Kifo kisitangazwe.

Upande wa pili ukifunga, mfumo unakurudishia baiti sifuri. Wewe rudisha maandishi matupu. Na kama bado hakijafika kitu, rudisha maandishi matupu vile vile. Programu-jalizi itazunguka ikiuliza “bado?” mpaka feni ya kompyuta ianze kunguruma.

Upande wa kutuma usifanye lolote. Kwenye Unix, anayeandika kwenye muunganisho uliofungwa hupelekewa ishara ya SIGPIPE, na ishara hiyo isiposhughulikiwa huua programu nzima. Kihariri kitaondoka kimya, na faili ambazo hazijahifadhiwa zitaondoka nacho. Mtumiaji atajilaumu kwa kutohifadhi.

7. Nyaraka.

Mfano mmoja unatosha: seva inayorudisha neno ulilotuma, kwenye localhost, ujumbe wenye herufi tano.

8. Malalamiko yakija.

Jibu la kwanza: “Kwangu inafanya kazi.” Ni kweli, na hakuna wa kukubishia. La pili: uliza anatumia toleo gani. Akitaja la karibuni, mwambie ajaribu la kesho. Akirudi na maelezo marefu, yenye baiti zilizonaswa moja moja na mstari wa msimbo wako uliozungushiwa duara, mshukuru kwa moyo mkunjufu na umwombe alete kiraka. Akikileta, rudi hatua ya 1.

Mwisho wa mwaka toa toleo la pili. Badilisha pokeaUjumbe iitwe pokeaData, ondoa jina la zamani siku hiyo hiyo, na kwenye orodha ya mabadiliko andika: “Maboresho madogo.”